Proxmire: seneta aliyetaka bei ya deni iandikwe wazi

Mwaka uliopita mama yangu mdogo, anayeishi Katuba hapa Lubumbashi, aliniita nimsomee karatasi. Alikuwa amepata nyumba ya vyumba viwili, na mwenye nyumba alidai garanti ya miezi kadhaa kabla ya kutoa ufunguo. Fedha hizo hakuwa nazo. Mkopeshaji mmoja alikubali kumpa dola 300, naye akapewa mkataba wa kurasa nne kwa Kifaransa. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa lugha, jamaa wote waliamini kwamba kazi hiyo ni yangu.

Nilitafsiri vizuri. Nilitafuta neno la Kiswahili kwa kila neno la sheria, nikasoma kurasa zote nne kwa sauti huku mama mdogo akichambua lenga-lenga. Nilipomaliza, aliniuliza jambo moja tu: kwa jumla atalipa kiasi gani, na kwa kila dola anayopewa atatoa nini juu yake. Sikuwa na jibu. Riba ilikuwa ukurasa wa pili, gharama za faili ukurasa wa tatu, ratiba ya malipo ukurasa wa mwisho, na hakuna mstari uliozikutanisha. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi, lakini haikumfaa kitu.

Swali hilo lilinipeleka maktabani. Nilitaka kujua kama kuna nchi ambayo sheria inamlazimisha mkopeshaji kujibu swali la mama mdogo kabla hajaulizwa. Ndivyo nilivyokutana na William Proxmire, seneta wa Marekani aliyefariki mwaka 2005. Katika kitivo chetu tunasoma maisha ya waandishi na washairi. Leo naomba wasomaji na walimu wangu wanivumilie nisimulie maisha ya mtunga sheria. Nitaeleza mwishoni kwa nini naona anatuhusu.

Proxmire alizaliwa tarehe 11 Novemba 1915, Lake Forest, karibu na Chicago. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji, na nyumbani hawakukosa kitu. Alisoma Yale, kisha Harvard, ambako alipata shahada ya biashara mwaka 1940. Alifanya kazi muda mfupi katika banki ya J.P. Morgan, New York, halafu vita vikaja, akaingia jeshini katika upelelezi. Baada ya vita alirudi Harvard kusomea utawala wa umma. Kwa njia hiyo, mtu ambaye baadaye angezisumbua banki kwa miaka mingi alikuwa amezijua kutoka ndani. Hesabu za mikopo hazikumtisha, wala lugha ya wenye mikopo haikumpumbaza.

Mwaka 1949 alihamia Wisconsin, jimbo la ng'ombe wa maziwa na viwanda, akawa mwandishi wa gazeti la The Capital Times mjini Madison. Hakudumu hapo. Alichaguliwa katika bunge la jimbo, kisha akagombea ugavana mwaka 1952 akashindwa, akarudia mwaka 1954 akashindwa, akarudia tena mwaka 1956 akashindwa mara ya tatu. Watu wengi walimhesabu kuwa amekwisha. Lakini mwezi Mei 1957 seneta wa Wisconsin, Joseph McCarthy, yule aliyejulikana kwa kuwawinda wakomunisti, alifariki akiwa bado kazini. Uchaguzi wa kujaza kiti chake ulifanyika Agosti, na Proxmire akamshinda Walter Kohler, mtu yuleyule aliyekuwa amembwaga mara mbili katika ugavana. Aliingia Seneti akiwa na umri wa miaka 41 na hakutoka hadi Januari 1989.

Jina lake katika historia ya mikopo linaanzia kwa mtu mwingine. Seneta Paul Douglas wa Illinois, ambaye alikuwa profesa wa uchumi, alileta mwaka 1960 mswada wa kuwalazimisha wakopeshaji waseme bei halisi ya deni. Kwa miaka sita mswada ule ulilala katika kamati ya banki ya Seneti. Mwenyekiti wake, Willis Robertson wa Virginia, hakuutaka. Wenye maduka, wauza magari na makampuni ya fedha hawakuutaka pia. Mwaka 1966 Douglas na Robertson wote wawili walishindwa katika uchaguzi. Proxmire aliuokota mswada wa Douglas, akaupunguza hapa na pale ili upite Seneti, na katika Baraza la Wawakilishi mama mmoja mbunge wa Missouri, Leonor Sullivan, akaupa meno zaidi. Rais Johnson aliutia sahihi tarehe 29 Mei 1968.

Ili kuelewa sheria ile inafanya nini, nirudi kwenye karatasi ya Katuba. Mkopo ni dola 300 kwa miezi sita. Riba inaitwa asilimia 5 kwa mwezi, lakini inahesabiwa kila mwezi juu ya dola zote 300, hata kama nusu imekwisha kurudishwa. Hiyo ni dola 15 kwa mwezi, dola 90 kwa miezi sita. Jumla ni dola 390, yaani dola 65 kila mwezi. Kisha dola 15 za gharama za faili zinakatwa siku ya kwanza, kwa hiyo mama mdogo anapokea mkononi dola 285 tu. Analipa dola 105 ili atumie dola 285, na kila mwezi fedha anazozishika zinapungua kwa sababu anarudisha. Ukihesabu juu ya deni linalobaki kweli, riba si asilimia 5 kwa mwezi. Inakaribia asilimia 10. Karatasi haikudanganya kwa neno hata moja, na bado msomaji anatoka akiamini nusu ya ukweli.

Kabla ya 1968 Wamarekani walikopeshwa hivyohivyo. Muuzaji mmoja alitaja riba kwa mwezi, mwingine kwa mwaka juu ya deni la mwanzo, mwingine alitaja malipo ya kila wiki tu. Mtu hakuweza kulinganisha. Sheria ilidai mambo machache: gharama zote za deni zikusanywe mahali pamoja, zitajwe kama fedha, na zigeuzwe kuwa asilimia ya mwaka inayohesabiwa kwa kanuni moja kwa wakopeshaji wote. Tarakimu hizo zionekane kabla mkopaji hajatia sahihi. Ilikuwa sheria ya banki, lakini kwa macho yangu ilikuwa pia sheria ya lugha, kwa sababu iliamua neno moja litakuwa na maana moja.

Proxmire aliendelea na njia hiyo. Mwaka 1970 alisimamia sheria iliyompa raia haki ya kujua ni habari gani zimeandikwa juu yake na makampuni yanayowaambia wakopeshaji nani anaaminika, na haki ya kudai kosa lisahihishwe. Mwaka 1975 akawa mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayoshughulikia banki, nyumba na miji. Hapo alikutana na jambo la nyumba.

Katika miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani lilichora ramani za miji na kuipaka rangi mitaa yake. Mitaa iliyoonekana kuwa ya hatari kwa mikopo ilipakwa nyekundu, na mitaa ya watu weusi karibu yote iliangukia humo. Hata baada ya sheria kukataza ubaguzi, desturi ilibaki: banki ilipokea akiba za wakazi wa mtaa fulani, lakini mkazi yuleyule akiomba mkopo wa kununua au kukarabati nyumba, alikataliwa kwa sababu ya anwani yake. Fedha za mtaa ziliondoka kwenda kujenga kwingine. Akina mama wa Chicago, wakiongozwa na Gale Cincotta, walikuwa wamelipigia kelele jambo hili, ila walikosa ushahidi, kwa sababu banki hazikulazimika kusema zinakopesha wapi.

Proxmire alianza na ushahidi. Sheria ya mwaka 1975 ilizitaka banki zitangaze kila mwaka zimetoa mikopo ya nyumba katika mitaa ipi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1977, ikaja sheria ya pili, inayosema kwamba banki ina wajibu wa kuhudumia mahitaji ya mikopo ya jamii inayoizunguka, pamoja na mitaa ya watu wa kipato cha chini. Hoja yake ilikuwa rahisi: leseni ya banki ni fadhila ya umma, na anayepewa fadhila na umma ana deni kwa umma. Sheria haikutoa fedha ya serikali wala haikupanga viwango vya mikopo. Ilisema tu kwamba banki ikiomba ruhusa ya kufungua tawi au kuungana na nyingine, wasimamizi watazame kwanza imewatendea vipi majirani zake. Wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu matokeo yake, lakini sheria zote mbili zingali zikitumika.

Upande wa tatu wa kazi yake ulikuwa matumizi ya serikali, na hapo ndipo alipojulikana hata kwa watu wasiojua habari za banki. Proxmire hakuwa mtu wa kupenda kutumia fedha, ziwe zake au za watu. Alikimbia kwa miguu kutoka nyumbani hadi Seneti. Katika kampeni ya mwaka 1982 alitumia dola 145 na senti chache, sehemu kubwa ikiwa stempu za kuwarudishia watu michango waliyomtumia. Kuanzia 1966 hadi 1988 hakukosa kura hata moja ya wito wa majina, na kura hizo zilipita 10,000.

Mwaka 1968, mbele ya kamati yake ndogo, mtumishi wa jeshi la anga aitwaye Ernest Fitzgerald alikubali kwamba ndege kubwa ya mizigo C-5A, iliyotengenezwa na kampuni ya Lockheed, ingezidi bajeti yake kwa karibu dola bilioni 2. Fitzgerald alipoteza kazi kwa kusema ukweli huo, na Proxmire akamtetea. Mwaka 1971 serikali ilitaka kuidhamini Lockheed ikope dola milioni 250 isifilisike. Proxmire alipinga kwa nguvu zake zote. Alishindwa Senetini kwa kura moja.

Kisha mwezi Machi 1975 alianzisha tuzo yake maarufu. Kila mwezi alitaja matumizi ya serikali aliyoyaona ya kijinga kuliko yote na kuyapa tuzo ya Golden Fleece, yaani ngozi ya kondoo ya dhahabu, kama katika hadithi ya kale ya Wayunani. Kwa Kiingereza neno la ngozi hiyo ya manyoya lina maana ya pili: kumla mtu fedha zake. Sisi Waswahili hatuhitaji maelezo marefu, kwa kuwa kitenzi chetu kuchuna kinafanya kazi zote mbili, ya kutoa ngozi na ya kumfilisi mwenzio. Alitoa tuzo 168 hadi alipostaafu. Ya kwanza ililipata shirika la serikali la kugharamia sayansi, kwa dola 84,000 zilizolipia uchunguzi wa sababu za watu kupendana.

Hapa sitaki kumsifu bila kipimo. Tuzo nyingi ziliwagusa wanajeshi na maofisa waliofuja mali, na hao walistahili. Nyingine ziliwaangukia watafiti kwa sababu ya majina ya kazi zao tu. Ronald Hutchinson, mwanasayansi aliyechunguza hasira kwa kutazama jinsi nyani wanavyokaza taya, alimshitaki. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kinga ya mbunge inalinda maneno anayoyasema bungeni, haimlindi katika matangazo anayowapelekea waandishi wa habari. Kesi ilimalizika kwa Proxmire kumlipa Hutchinson dola 10,000 na kusahihisha maneno yake hadharani. Tena, yeye aliyekemea ruzuku za wengine hakuchoka kutetea misaada ya serikali kwa wafugaji wa maziwa wa Wisconsin, ambao ndio waliompigia kura.

Nadhani wenzangu wa kitivo wanaona hatari iliyopo. Kuna miongoni mwetu anayeandika juu ya majina ya vitenge, au juu ya salamu za sokoni. Seneta akisoma kichwa cha kazi hiyo peke yake, angeweza kuipa ngozi ya dhahabu na watu wakacheka. Mtu aliyedai wakopeshaji waandike jambo zima, yeye mwenyewe wakati mwingine alitangaza nusu ya jambo. Tofauti kati ya kufichua na kudhihaki ni ndogo, na anayeshika kalamu huivuka kabla hajajua.

Kuna mambo mawili ya mwisho katika maisha yake yanayofika hadi kwetu Kongo. La kwanza linatoka kwa Lockheed ileile. Katikati ya miaka ya 1970 ilijulikana kwamba ilikuwa imetoa hongo kwa wakubwa wa nchi za nje ili inunuliwe ndege zake, na uchunguzi ukaonyesha kwamba zaidi ya makampuni 400 ya Marekani yalikiri malipo ya aina hiyo, zaidi ya dola milioni 300. Proxmire aliongoza Senetini sheria ya Desemba 1977 inayokataza kumhonga ofisa wa nchi nyingine. Sheria hiyo ndiyo iliyoifikia mwaka 2016 kampuni ya fedha ya New York, Och-Ziff, ikalipa zaidi ya dola milioni 400 kwa kesi ya hongo zilizohusu pia maofisa wa Kongo. Mwaka 2022 kampuni ya madini ya Glencore nayo ilikiri kosa chini ya sheria hiyo, na Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotajwa. Sisi tunaoishi juu ya shaba na kobalti tulipata kuyajua mambo hayo kwa sehemu kupitia sheria ya seneta wa jimbo la maziwa.

La pili ni mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 dhidi ya mauaji ya kimbari. Seneti ya Marekani ilikuwa imeuacha kabatini tangu 1949. Mwezi Januari 1967 Proxmire aliahidi kuusemea kila siku ya kikao hadi ukubaliwe. Alitoa hotuba 3,211, kila moja tofauti, mara nyingi mbele ya viti vitupu. Mkataba uliidhinishwa Februari 1986, na sheria ya kuutekeleza ilitiwa sahihi mwaka 1988. Miaka sita baadaye yalikuja mauaji ya Rwanda, na maofisa wa Marekani waliepuka kwa wiki nyingi kuyaita kwa jina lake, kwa kuogopa wajibu ambao jina hilo lingeleta. Hotuba 3,211 ziliwapa neno hilo katika sheria. Hazikuweza kuwapa moyo wa kulitamka.

Mwaka wake wa mwisho Senetini alijaribu kuondoa ukuta uliojengwa mwaka 1933 kati ya banki za akiba na biashara ya hisa. Mswada wake ulipita Seneti kwa kura nyingi sana mwaka 1988, ukakwama katika Baraza la Wawakilishi. Ukuta huo uliondolewa mwaka 1999, na baada ya msukosuko wa mwaka 2008 wengi walijuta. Kwa hiyo hata katika banki, shamba alilolijua kuliko yote, hakuwa upande mmoja daima. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer. Mtu aliyekumbuka kila kura alianza kusahau, akafariki Maryland tarehe 15 Desemba 2005, akiwa na miaka 90.

Niliahidi kueleza kwa nini anatuhusu. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Tumezoea kuona kazi yetu kuwa kutoa maneno upande mmoja kuyapeleka upande wa pili. Proxmire amenifundisha kwamba karatasi inaweza kutafsiriwa yote na bado isisomeke, kwa sababu aliyeiandika aliutawanya ukweli wake. Mtafsiri wa mkataba wa deni anapaswa pia kujua hesabu.

Nilirudi Katuba siku ya tatu. Nyuma ya karatasi niliandika kwa Kiswahili mistari miwili: utapokea dola 285, utalipa dola 390, riba ya kweli inakaribia 10 kwa mia kila mwezi. Mama mdogo aliisoma mwenyewe, polepole, mara mbili. Kisha akatia sahihi, kwa sababu nyumba isingemngoja na hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Sheria ya 1968 nayo haikuishusha riba ya mtu yeyote, ilimwonyesha tu bei. Lakini mwezi wa pili alikwenda kwa mkopeshaji na ile mistari miwili mkononi, akaomba alipe mapema ili deni lipungue, na kwa mara ya kwanza alijua hasa anaomba nini.